Kitabu Gani kwa Nani? Ushauri kwa Wanaoazima Vitabu



Swali linaloulizwa sana mbele ya kabati la vitabu ni hili: "Nichukue kipi?" Wengine huona haya kuuliza. Huchukua chenye jalada zuri, na kesho yake hukirudisha bila kukisoma. Wapo waliokata tamaa kwa njia hiyo wakidhani kusoma si kazi yao, kumbe kitabu ndicho hakikuwa chao. Somo la leo ni la kuwasaidia kuchagua.

Tuanze na lugha. Hapa Buterere mtoto wetu akiingia shule ya Burundi, husoma kwanza kwa Kirundi, na hufundishwa pia Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Nyumbani mama yake anasema Kiswahili. Baada ya miaka michache unamkuta anazungumza vizuri na bibi yake kwa simu, lakini bibi akituma barua kutoka Uvira, mtoto anaisoma kwa kubahatisha. Siku familia ikirudi Kongo, au ikipelekwa nchi ya mbali, nani atakayewaandikia waliobaki? Kwa hiyo tunashauri kitabu cha kwanza cha nyumbani kiwe cha Kiswahili. Hakitamharibia Kirundi chake, maana herufi karibu zote ni zile zile. Aliyezoea Kirundi ataandika "cakula" badala ya "chakula", kama vile Cibitoke husomwa Chibitoke, tena atachanganya L na R. Msimcheke. Mwonyesheni neno kwa kidole kitabuni, ataliona.

Kupima ugumu ni rahisi. Fungua ukurasa wa katikati, soma, na kwa kila neno usilolielewa kunja kidole kimoja. Mkono mzima ukikunjika kabla ukurasa haujaisha, rudisha, chukua chepesi zaidi. Hii ni kwa wakubwa pia, hata waliomaliza sekondari.

Kwa watoto wadogo, Hekaya za Abunuwasi hazijapata mshindani. Chukueni ile ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na ndogo ndani yake, anasema, "Imezaa." Jirani anafurahi, anapokea zote mbili. Mara ya pili Abunuwasi harudishi kitu. Hapo funga kitabu, umwulize mtoto: unadhani atamwambia nini mwenye sufuria? Mwache afikiri, hata akikosea. Kisha fungueni msome kwamba sufuria imekufa, na kwamba aliyekubali kuwa sufuria huzaa hawezi kukataa kuwa hufa. Mtoto aliyesimamishwa hivyo mara tatu nne huanza kuwaza mwenyewe anaposoma, na hilo shuleni halipatikani kwa urahisi mahali darasa limejaa.

Baba au mama asiyejua kusoma asijitoe. Mtoto asome kwa sauti, mzazi asikilize, halafu aulize: nani alifanya nini, na kwa nini? Au mzazi asimulie hadithi ya kwao, ya Fizi au ya Rutshuru, mtoto aiandike katika daftari, kesho yake amsomee. Daftari hilo nalo ni kitabu.

Kwa nyumba nzima tunapendekeza Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kitabu alichokitunga David Werner kwa ajili ya wanavijiji wa Mexico. Ni kinene, lakini hakisomwi kama hadithi. Mnatafuta ukurasa mnaouhitaji, na picha husaidia. Katika mitaa yetu, kuharisha kunajulikana. Mtu akikosa pakiti za dawa ya maji ya chumvi na sukari, huchanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Asiyesoma vizuri akigeuza vipimo hivyo, chumvi ikazidi, mtoto anaweza kudhurika badala ya kupona. Na mgonjwa apelekwe kwenye kituo cha afya, kitabu hakichukui nafasi ya mganga.

Vijana wasome Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996: kijana aliyefiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, anasafiri toka Tanga kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Wengi humu mtajua mwendo wake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilipata kukatazwa katika shule za Tanzania. Mimi naona wazazi wa mabinti ndio wangeisoma kwanza, hasa kina baba wakali, waone ukali wa Zakaria ulimfikisha wapi Rosa.

Watu wazima wapendao maneno yenye uzito, wachukue Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), pole pole, kurasa chache kwa siku. Tangu mwaka 2022 ipo pia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, naye alifika Uingereza akiwa kijana mkimbizi. Wanaosoma Kifaransa watapenda Petit pays ya Gaël Faye (2016), habari za utoto mjini Bujumbura. Ila ina mauaji ya miaka ya 1990 ndani yake. Aliyeona mambo ya namna hiyo asiisome usiku peke yake, na watoto wasipewe.

Si vyote vitakuwamo kabatini siku mnapofika. Semeni mnachokitafuta, kiandikwe.

Wakati wa mvua maji huingia ndani ya nyumba nyingi huku bondeni. Kitabu kifungwe katika mfuko wa plastiki na kitundikwe juu. Kikilowa, msikifiche wala msikianike juani, kwa sababu kurasa hujikunja. Kisimamisheni kivulini kikiwa wazi, halafu mkilete hivyo hivyo.