Diski Iliyotoka Kiunoni: Kabla na Baada ya Upasuaji wa Tundu Dogo

Maumivu yakianzia kiunoni, yakapita kwenye kalio na kushuka nyuma ya paja hadi unyayoni, majirani husema "diski imetoka". Mara nyingi hawakosei. Kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine kuna diski, yenye ganda la nyuzi ngumu kwa nje na ute mzito kwa ndani. Nyuzi hizo zikichoka na kuchanika, ute hupenya na kuugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Mshipa hubanwa, tena huwashwa na kemikali za ute huo hadi ukavimba. Ndiyo maana mgonjwa hulalamikia mguu ilhali tatizo liko kiunoni. Diski zinazoathirika zaidi ni mbili za mwisho, zile zinazobeba uzito wa mwili kila tunapoinama na kuinuka.

Wengi hupona bila kisu

Jambo hili familia nyingi haziambiwi. Mwili una uwezo wa kukila kidogokidogo kipande cha diski kilichotoka, na mara nyingi vipande vikubwa ndivyo vinavyosinyaa zaidi. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu. Baadhi walipasuliwa mapema. Wengine walipewa dawa na ushauri, wapasuliwe iwapo tu hali ingekataa. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, katika kila kundi watu 95 kwa kila 100 walikuwa wamepona. Miongoni mwa waliosubiri, takriban 4 katika kila 10 walilazimika kupasuliwa baadaye.

Kwa hiyo, kama hakuna dalili ya hatari, upeni mwili na dawa wiki sita hivi. Mgonjwa asilazwe kitandani siku nzima. Atembee kidogokidogo na kubadilisha mkao, na aonane na mtaalamu wa mazoezi tiba. Dawa za maumivu anywe kwa maelekezo ya daktari, hasa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo. Tunawasihi msimkanyage mgongo, wala msimpeleke kwa mkandaji anayevuta kiuno kwa nguvu.

Dalili zisizosubiri kesho

Mpelekeni hospitali usiku huohuo akishindwa kukojoa, au mkojo au haja kubwa ikimtoka bila kujua; akipata ganzi sehemu za siri na pale panapokalia tandiko la baiskeli; au miguu yote miwili ikilegea. Hapo mishipa mingi imebanwa kwa pamoja, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa maisha. Wengine huona haya kutaja mambo ya choo mbele ya watoto wao. Mke, mume au dada amuulize faraghani, tena waziwazi.

Nguvu za mguu mnaweza kuziangalia nyumbani. Mwambieni atembee hatua chache kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, huku mtu akimshikilia. Mguu mmoja ukishindwa, au unyayo ukiburuzika, aonwe na daktari haraka.

Na si kila maumivu ya kiuno ni diski. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao bado upo katika nchi zetu na una dawa zake.

Daktari akisema upasuaji

Anayefaidika zaidi ni yule ambaye maumivu ya mguu yanazidi yale ya kiuno, wiki zimepita bila nafuu, na picha ya MRI inaonyesha diski ikiugusa mshipa uleule unaouma. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa. Diski yenyewe haionekani. Mwenye maumivu ya kiuno pekee asitarajie upasuaji huu umponye.

Tangu madaktari Mixter na Barr wa Boston walipoeleza upasuaji wa diski mwaka 1934, kidonda kimekuwa kikipungua. Leo mgonjwa hupewa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi. Daktari humpiga picha palepale mezani ahakikishe pingili ni yenyewe, kisha hupasua ngozi kama sentimita 2. Hupitisha mirija, mwembamba kwanza, halafu mnene zaidi juu yake, ili nyuzi za msuli zisukumwe kando bila kukatwa. Kwa kutumia hadubini au kamera hukwangua mfupa kidogo, husogeza mshipa taratibu, na kukitoa kipande kwa koleo ndogo. Diski iliyobaki haiondolewi yote.

Msiuzwe ukubwa wa tundu. Tafiti zilizolinganisha njia hii na ile ya kidonda kirefu zaidi zinaonyesha kwamba nafuu ya mguu hatimaye hukaribiana sana. Faida ya tundu dogo ni kovu fupi. Kabla ya kuuza shamba ili kumpeleka mgonjwa India, ulizeni kwanza hospitali ya rufaa iliyo karibu. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili ina mabingwa wa uti wa mgongo. Muulizeni daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, akipata tatizo atafanya nini, na bima inalipa sehemu gani.

Akirudi nyumbani

Wengi husimama na kutembea siku ileile au kesho yake. Maumivu ya mguu mara nyingi hupungua mapema. Ganzi huchukua wiki au miezi, na nguvu zilizopotea kwa muda mrefu huenda zisirudi zote. Kwa wiki nne hadi sita asibebe ndoo ya maji, gunia wala mtoto, asipande bodaboda kwenye barabara ya makorongo, na akae kwa vipindi vifupi. Anayevuta sigara aache, kwa sababu tumbaku huchelewesha kupona. Homa, usaha, au majimaji maangavu kidondani pamoja na kichwa kinachouma akiinuka, ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Kati ya watu 100 waliopasuliwa, watano hadi 15 hivi diski ileile huweza kutoka tena. Tunzeni picha za MRI na karatasi ya upasuaji mahali pakavu, na maumivu ya mguu yakirudi, nendeni nazo kwa daktari aliyempasua.