Kazi ikiisha ghafla, akili nayo huumia

Mwezi wa Aprili 2020, serikali ilipopiga marufuku kuingia na kutoka Kilifi kwa sababu ya korona, hoteli za Watamu na Malindi zilibaki bila wageni. Wapishi, wahudumu na madereva wa watalii walirudi makwao mikono mitupu. Pigo kama hilo haliishii mfukoni.

Tuchukue mfano wa mpishi wa Kibarani aliyeachishwa kazi. Wiki tatu baadaye halali usiku, hula kidogo, huwakaripia watoto bila sababu na huwakwepa wenzake. Baadhi ya jamaa wanasema amerogwa, wengine wanamwita mvivu. Huenda ni mgonjwa.

Hali hii huitwa maradhi ya kushindwa kuzoea mabadiliko. Dalili zake ni huzuni au wasiwasi mwingi, kulia mara kwa mara, kuwaza jambo lile lile kutwa kucha na kushindwa na shughuli za kila siku. Talaka, kuhama au kugunduliwa na ugonjwa pia huweza kuyaleta.

Utayatofautishaje na huzuni ya kawaida? Mwenye huzuni ya kawaida huendelea na shughuli zake, ingawa kwa shida. Uliza maswali mawili: hali hii ilianza lini, na imemzuia kufanya nini? Aghalabu maradhi haya huanza katika miezi 3 ya kwanza baada ya tukio, na huisha kabla ya miezi 6 kupita tangu tatizo lenyewe kwisha. Yakizidi hapo, au mtu akikosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki 2, apimwe tena, kwani huenda ni sonona, ugonjwa mzito zaidi.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo na mshauri au mhudumu wa afya. Nyumbani, mgonjwa ashike saa za kulala na kula, na apewe kazi ndogo ndogo. Asitulize mawazo kwa mnazi wala vidonge vya usingizi alivyojinunulia.

Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wa Kibarani, hospitali ya kaunti iko mjini Kilifi. Hofu ya polisi isiwazuie: Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka katiba.