SOMO: Kifaranga wa Porini Akiwa Peke Yake, Tumwokote au Tumwache?

Somo letu la leo linaanza na kisa. Mmoja wenu akisome kwa sauti, wengine wasikilize.

KISA

Wakati mmoja wa mvua tulitembelea kikundi cha akina mama upande wa Kitale. Tulipofika, mkutano ulikuwa haujaanza. Watu walikuwa wamezunguka katoni. Ndani mlikuwa na vifaranga wawili wa korongo taji, yule ndege mrefu mwenye taji la rangi ya dhahabu kichwani, ambaye wenzetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao.

Kijana wa darasa la sita, mtoto wa mwanachama, alikuwa amekwenda kinamasini kukata nyasi za ng'ombe akawakuta. Akatazama huku na huku, hakuona mama yao. Akawahurumia, akawafunga kwa sweta yake, akawaleta nyumbani.

Sote tulimsifu. Sisi wenyewe tulitoa pesa za kununua maziwa ya kuwalisha. Leo tunaona haya kusema hivyo, lakini somo lisilo na ukweli halifundishi.

Kifaranga mmoja alikufa usiku uleule. Wa pili alikua, akamfuata kijana kila mahali, hata mpaka lango la shule. Korongo wengine walipopita juu wakilia, hakujali. Alijua watu tu. Siku moja ya soko alifuata watu barabarani, pikipiki ikamgonga. Kijana alilia sana, akatuuliza, "Mwalimu, kwani mimi nilikosea wapi?"

Swali hilo ndilo somo letu.

TUJIFUNZE

1. Hawakuwa yatima. Korongo taji hutaga mayai mawili hadi manne, na baba na mama huyalalia kwa zamu kwa muda wa mwezi hivi. Vifaranga wakishaanguliwa hawakai kiotani kama wale wa njiwa. Baada ya siku moja au mbili tu wanatembea na wazazi wakitafuta wadudu. Mtu akitokea, wanalala chini kimya katikati ya nyasi, na wazazi wanasogea kando. Kwa hiyo ukimwona kifaranga peke yake, mara nyingi ni wewe uliyemfukuza mama yake.

2. Kwanza ondoka. Mwache pale pale, fukuza mbwa na watoto, kisha simama mbali mahali usipoonekana. Subiri saa moja au mbili. Mara nyingi wazazi watarudi.

Na ndege wadogo je? Kama kinda hana manyoya na ameanguka, mrudishe kiotani. Kiota kikiwa kimevunjika, funga kikapu kidogo kwenye mti ule ule, umweke humo. Wazee wengi husema mama akisikia harufu ya mtu atamkataa mtoto wake. Si kweli. Lakini kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini anajifunza kuruka. Huyo mwache.

3. Akihitaji msaada kweli. Ana jeraha, amepoa mwili, siafu wamemvamia, au mmeona kwa macho kwamba wazazi wameuawa. Basi fanyeni hivi:

- Mwekeni katika katoni yenye matundu na kitambaa kikavu, mahali penye giza na kimya.
- Mpasheni joto kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Aliyepoa asilishwe kabla ya kupata joto. Tumbo lake halifanyi kazi.
- Msimmiminie maji mdomoni. Yataingia kwenye mapafu.
- Msimpe maziwa, chai, mkate wala ugali. Ndege hanyonyeshwi, na maziwa humharibu tumbo.
- Msimchanganye na kuku. Ugonjwa kama kideri unaweza kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nawa mikono kwa sabuni.
- Siku hiyo hiyo toeni habari kwa ofisi ya wanyamapori, KWS, iliyo karibu, au kwa chifu awasaidie kuwafikia. Wakichelewa, waulizeni wao nini cha kumlisha. Kifaranga wa korongo hula panzi, kumbikumbi na minyoo, lakini wasiwe wametoka shamba lililopigwa dawa.

4. Kulea si mchezo. Makinda wadogo wa ndege wengi hulishwa kila nusu saa hivi, tangu alfajiri mpaka jioni. Nani kati yetu ana nafasi hiyo na shamba linangoja? Tena kifaranga wa korongo humshika akilini yule anayemlea, akamfanya mzazi. Akiisha kuwa hivyo, kumrudisha porini ni vigumu sana. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali.

Mambo haya si madogo. Tangu 2012 korongo taji yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi vinakaushwa tulime, na vifaranga wanachukuliwa kupamba nyua za watu. Mwenye kuhurumia na mwenye kuuza wote wawili wanakiacha kinamasi kitupu.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Akina mama wale walipatana kwamba sehemu ya matete ambayo korongo hutaga isikatwe mpaka vifaranga waweze kuruka, yaani miezi mitatu hivi. Msimu uliofuata kijana aliona tena kifaranga nyasini. Safari hii aliweka panga chini, akaenda kukaa nyuma ya mti. Alituambia alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akawaona korongo wawili wakubwa wakirudi polepole, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kifaranga akainuka akawafuata.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwetu watoto hufanya nini wakikuta kifaranga? Nani aliwafundisha?
2. Je, tumewahi kumsaidia mtu kabla ya kuuliza kama anahitaji msaada? Ilikuwaje?
3. Kinamasi chetu ni cha nani, na nani anaamua nyasi zikatwe lini?

KAZI: Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili waende kwa chifu waulize njia ya kuwafikia watu wa wanyamapori. Namba iandikwe kwenye kitabu cha kikundi.