Msimu wa Gofu Katika Vyuo vya Marekani: Mafunzo kwa Mwalimu Apimaye Kazi ya Wanafunzi

Utangulizi

Walimu wengi nchini mwetu hawajapata kukanyaga kiwanja cha gofu, na pengine wapo watakaoshangaa kuona mchezo huu ukijadiliwa katika jarida la mbinu za kufundishia. Katika makala haya hatukusudii kumfundisha mtu kupiga mpira. Kusudi letu ni kufuatilia programu ya gofu ya chuo kikuu cha Marekani tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho wake, ili tuone jinsi kazi ya vijana inavyopimwa kwa miezi mingi, na kisha tujiulize tunapimaje kazi ya wanafunzi wetu wenyewe.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Kiwanja kamili kina mashimo 18. Mchezaji hupiga mpira kwa fimbo mpaka uingie shimoni, na kila pigo huhesabiwa. Kila kiwanja kina kipimo chake, yaani idadi ya mapigo inayotazamiwa kwa mchezaji hodari. Mara nyingi kipimo hicho ni 72. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Hivyo mchezaji aliyepiga 70 yuko mapigo mawili chini ya kipimo, na aliyepiga 75 yuko matatu juu yake.

Mwendo wa msimu

Mashindano ya vyuo vya Marekani yana historia ndefu. Ubingwa wa kwanza wa wanaume ulichukuliwa na Yale mwaka 1897. Chama cha michezo ya vyuo, kijulikanacho kwa kifupi kama NCAA, kilianza kuyaendesha mashindano hayo mwaka 1939. Kati ya mwaka 1956 na 1985, Chuo Kikuu cha Houston kilitwaa ubingwa mara 16 chini ya kocha Dave Williams, ambaye hapo awali alifundisha uhandisi chuoni hapo. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza ya ubingwa chini ya chama hicho mwaka 1982, miaka kumi baada ya kupitishwa kwa sheria iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu, na Chuo Kikuu cha Tulsa ndicho kilichoshinda.

Msimu umegawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huanza Septemba, vyuo vifunguliwapo, na kuendelea hadi karibu na Novemba. Kisha baridi huingia na mashindano husimama. Sehemu ya pili huanza kati ya Januari na Machi, kutegemea hali ya hewa ya mahali. Mwezi wa Aprili huwa ni wa ubingwa wa kanda za vyuo, na Mei hufuata mashindano ya mchujo katika vituo sita. Timu tano za kwanza za kila kituo huendelea, na hivyo timu 30 hukutana kwenye mashindano ya mwisho.

Muda wote huo mchezaji ni mwanafunzi wa muda wote, naye hana budi kufaulu masomo yake ili aruhusiwe kucheza. Kanuni za vyuo vya daraja la kwanza huweka kikomo cha saa 20 za mazoezi na mashindano kwa juma wakati wa msimu. Tena, kuwamo katika timu si kuwamo katika safari. Timu huweza kuwa na vijana wanane au zaidi, lakini katika shindano la kawaida watano tu ndio huhesabiwa kuwa timu ya chuo. Kwa hiyo makocha wengi huwashindanisha wachezaji wao wenyewe kwa wenyewe kabla ya kuchagua hao watano.

Wanne kati ya watano

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Katika kila duru wachezaji watano hucheza, lakini timu huhesabiwa alama nne zilizo bora. Alama ya tano huachwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa timu yenye wachezaji A, B, C, D na E. Siku ya kwanza wanapiga 70, 72, 73, 75 na 81. Alama ya E inaachwa, na jumla ya timu ni 290. Kwa kuwa kipimo cha watu wanne ni 288, timu iko mapigo mawili juu. Siku ya pili wanapiga 74, 72, 74, 78 na 71. Leo anayeachwa ni D, na jumla ni 291. Siku ya tatu wanapiga 71, 73, 76, 72 na 77. E anaachwa tena, na jumla ni 292. Kwa siku tatu timu imepiga 873.

Mtu atazamaye haraka atasema kwamba E ni mzigo, kwa maana aliachwa siku mbili kati ya tatu, na wastani wake ni zaidi ya 76. Lakini na tuitazame upya siku ya pili. Kama E asingekuwako, alama 78 ya D ingelazimika kuhesabiwa, na jumla ya siku hiyo ingekuwa 298. Mapigo saba hutosha kuishusha timu nafasi nyingi. Aidha, hata siku alizoachwa, kuwako kwake kuliwapa wenzake nafasi ya kucheza bila hofu kwamba kosa la mmoja litawaangamiza wote. Mchezaji mmoja akiugua katikati ya duru, wanne waliobaki huhesabiwa wote, wala hapana tena pa kufichia alama mbaya.

Hivyo utaratibu huu huacha alama, haumwachi mtu. Asubuhi ya pili E huanza sawa na wenzake, na mapigo yake ya jana hayamzuii kuwa mbora wa leo.

Sasa tugeuke tuyatazame madarasa yetu. Katika darasa la wanafunzi wengi, mwalimu aliyechoka huelekea kuwauliza wale wanne ambao mikono yao iko juu daima. Majibu yao ndiyo huhesabiwa kuwa ufahamu wa darasa zima. Mwanafunzi wa tano, wa kumi na wa arobaini huachwa leo, kesho na keshokutwa, mpaka hujizoeza mwenyewe kuachwa. Huku ni kuacha mtu. Kocha hujua alama ya E ya kila siku, hata ile isiyohesabiwa, kwa sababu imeandikwa. Je, sisi tunaijua alama ya mwanafunzi wetu wa tano?

Mlango wa mwisho

Katika mashindano ya mwisho timu zote 30 hucheza duru tatu, kisha 15 zilizo bora hucheza duru ya nne. Baada ya mashimo 72 bingwa binafsi hujulikana. Ndivyo Tiger Woods wa Stanford alivyotawazwa mwaka 1996. Zamani bingwa wa timu naye alipatikana kwa hesabu hiyo hiyo ya mapigo. Lakini tangu mwaka 2009 kwa wanaume, na 2015 kwa wanawake, timu nane za juu huingia katika mtoano. Hapo kila mchezaji hupambana na mmoja wa upande wa pili, na timu ipatayo ushindi wa watu watatu kati ya watano husonga mbele.

Matokeo yake huweza kuuma. Mwaka 2013 timu ya wanaume ya University of California iliongoza baada ya hesabu ya mapigo, lakini ikatolewa na Illinois katika nusu fainali, na ubingwa ukaenda Alabama. Mwaka 2025 timu ya wanawake ya Stanford nayo iliongoza kwa mapigo, kisha ikashindwa na Northwestern katika fainali kwa watatu dhidi ya wawili.

Wako wasemao kwamba huo ni udhalimu, kwamba asubuhi moja haiwezi kufuta kazi ya mwaka. Wako wajibuo kwamba mwenye uwezo hana budi kuuonyesha siku inapotakiwa. Ubishi huu si mgeni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikemea tabia ya kuutegemea mno mtihani wa mwisho, likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vipimwe katika muda wote wa masomo. Kila mwalimu amepata kumwona mwanafunzi hodari wa mwaka mzima akianguka kwa sababu ya homa ya siku mbili.

Kwa maoni yetu, utaratibu wa gofu haumalizi ubishi huo, ila unatuonyesha jambo moja la maana. Hata penye mtoano, rekodi ya msimu haitupwi. Rekodi ndiyo iliyowapeleka kwenye mchujo, mapigo ndiyo yaliyowaingiza katika nane, na taji la bingwa binafsi hubaki kwa yule aliyelipata kwa siku nne. Mtihani wa mwisho ukiwapo, basi na uwe mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi. Na mwalimu asiyeandika lo lote katika mwaka hana cha kumtetea mwanafunzi wake siku matokeo yatokapo.

Kuitumia mada hii darasani

Mada hii yafaa kwa kipindi kimoja cha hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Hapahitajiki kiwanja wala fimbo.

1. Mwalimu aeleze kipimo kwa kuchora mstari wa namba ubaoni, sifuri ikiwa ndiyo kipimo. Alama za siku ya kwanza katika mfano wetu zitaandikwa -2, 0, +1, +3 na +9. Wanafunzi wajumlishe nne zilizo bora na kupata +2.

2. Darasa ligawanywe katika vikundi vya watano. Kila mwanafunzi ajibu maswali kumi ya hesabu za kichwa, na idadi ya makosa iwe ndiyo mapigo yake. Kikundi kihesabiwe alama nne.

3. Wanafunzi wabadilishane karatasi na kusahihishiana, kisha msahihishaji na mwenye karatasi watie sahihi wote wawili. Katika gofu mapigo ya mchezaji huandikwa na mwenzake, na kwa kanuni ya jumla, atiaye sahihi alama iliyo pungufu ya ukweli huondolewa mashindanoni. Uaminifu hufundishika kwa kutendwa.

4. Zoezi lirudiwe kwa majuma manne. Mwalimu aandike alama zote tano, siyo nne tu, na kila mwanafunzi atafute wastani wake mwenyewe.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mwalimu asisome hadharani jina la aliyeachwa. Asome jumla ya kikundi, kisha aketi na yule wa tano baada ya kipindi, amwonyeshe alama zake za majuma yaliyopita, na wapange pamoja kazi ya juma lijalo.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

(a) Katika mazoezi ya kufundisha, je, ni haki mwanachuo kupimwa kwa somo moja aliloonwa akifundisha? Toeni sababu.

(b) Tafuteni katika daftari lenu la maendeleo mwanafunzi ambaye hamjamwuliza swali juma hili. Mtaanza naye kwa swali gani Jumatatu?