Mchoro Nao Huuliza Maswali: Somo Kutoka Katonga

Wengi wetu tukisikia "mbinu za utafiti" tunawaza dodoso, mahojiano na tarakimu. Kuchora tunawaachia wenzetu wa usanifu majengo. Mimi nasomea ualimu, lakini nashikilia kwamba kuchora ni utafiti kamili, tena ni daraja kati ya nadharia ya majengo na maisha ya wanaoishi humo.

Tuanze na pwani. Mwaka 1966 Peter Garlake alitoa kitabu kuhusu usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kimejaa ramani za misikiti na majumba. Usam Ghaidan akafuata na kitabu chake cha mji wa Lamu mwaka 1975. Ukitazama ramani za namna hiyo unauona mpangilio: mgeni huanzia nje, barazani au kwenye daka, na kila hatua ya kuingia ndani inamsogeza kwenye faragha ya wenyeji. Hiyo ndiyo nadharia.

Sasa tuje Kigoma. Misafara ya karne ya 19 iliunganisha Ujiji na pwani, na nyumba ya Kiswahili ikaota mizizi huku: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Je, Katonga, kwa wavuvi wa kando ya ziwa, nadharia ile inasimama?

Likizo iliyopita nilichora nyumba moja ya huko. Vifaa vilikuwa futikamba, penseli na karatasi ya miraba, kwa skeli ya 1:50, yaani mita moja ni sentimita 2. Mama mwenye nyumba alicheka: "Mwanangu, nyumba hii ina nini cha kuchora?"

Nilipomaliza vipimo, ua ulitoka mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Nikaongeza mishale: mwekundu kwa njia ya wageni, wa bluu kwa njia ya dagaa. Mwekundu ulifuata kitabu. Wa bluu haukugusa baraza wala ukumbi. Uliingia kwa mlango mdogo wa ubavuni, upande wa ziwa, ukaishia kwenye vichanja vya kuanikia. Dodoso lingeniambia tu kwamba milango ni mitatu. Mchoro ulinilazimisha kuuliza: huu wa tatu ni wa nini?

Swali hilo si la darasani tu. Mwaka 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia kwenye makazi ya mwambao. Familia ikihama na kujengewa nyumba yenye sebule pana na ua finyu, itakuwa imepata paa lakini imepoteza kazi. Mchoro unamwambia fundi mapema: acha mlango wa ubavuni, acha nafasi ya vichanja.

Ukitaka kujaribu, omba ruhusa kwanza. Pima, chora, kisha rudi asubuhi na jioni uweke mishale ya nani anapita wapi. Mwisho mwoneshe mwenye nyumba, akusahihishe, na umwachie nakala.

Kwetu walimu watarajiwa faida ni mara mbili. Mwanafunzi akichora nyumba ya kwao kwa skeli, anajifunza uwiano kwa vitendo. Zaidi ya hapo, anagundua kwamba hata mlango mdogo wa kwao una sababu, na sababu hiyo inastahili kuandikwa.