Nguvu za Kiume Zikipungua, Pima Sukari na Presha

Wanaume wengi wenye tatizo la nguvu za kiume hawaanzii hospitali. Huanzia kwa muuza dawa wa mtaani, wakanunua unga wa mitishamba uitwao vumbi la Kongo au vidonge walivyoelekezwa na rafiki, na wake zao wasijue. Tunawaomba waanzie kwingine.

Uume husimama kwa damu. Hamu ikija, ubongo hutuma taarifa kupitia mishipa ya fahamu, mishipa ya damu ya uume ikatanuka, damu ikajaa na kubaki humo. Mishipa hiyo ni myembamba, milimita 1 hadi 2 tu. Ile ya moyo ni 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuganda kwenye mishipa mwilini, uume mara nyingi huwa wa kwanza kuonyesha. Dalili hii inaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5, na muda huo unatosha kuokoa maisha.

Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja, na wako waliojua wana kisukari baada ya kwenda kulalamikia nguvu za kiume. Presha, sigara, kitambi na pombe nyingi vina mchango wao.

Baadhi ya dawa za presha na za sonona nazo hupunguza nguvu. Hata hivyo, usiache kuzimeza kimya kimya, maana kiharusi hakibishi hodi. Mweleze daktari, akubadilishie.

Kijana anayeamka asubuhi uume umesimama, lakini akashindwa akiwa na mwenzake, mara nyingi mishipa yake ni mizima. Kinachomsumbua ni hofu, madeni, ugomvi wa nyumbani au sonona. Kushindwa siku moja kwa uchovu si ugonjwa.

Kuhusu vumbi: katika nchi mbalimbali, dawa zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, ikiwamo ile ya kuweka chini ya ulimi, akiimeza, presha yake inaweza kushuka ghafla akafa.

Tatizo likidumu miezi 3, nenda kituo cha afya upimwe sukari, presha na mafuta kwenye damu. Mtajie mhudumu tatizo lenyewe, usiishie kusema mwili umechoka. Nawe mama, mumeo akikueleza, usimshuku kuwa ana mwingine nje, fuatana naye.