Maji Katika Tangi la Upepo

Ukifungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, ile mashine ya kujazia upepo magurudumu ya gari, utaona maji yakitoka, tena machafu, yenye rangi ya kutu. Wengi huuliza: Je, ni nani aliyeyatia? Hakuna aliyeyatia. Yameingia pamoja na hewa.

Sisi wa Mlola twaujua sana ukungu wa asubuhi. Upepo utokao Bahari ya Hindi huchukua mvuke wa maji. Ukipanda milima yetu ya Usambara hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuchukua mvuke mwingi kama hewa ya joto. Mvuke unaozidi hugeuka ukungu na mvua. Katika tangi hutukia jambo kama hilo, ila huko kuna sababu ya pili, nayo ni kushindiliwa.

Tufanye hesabu. Mita 1 ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 20 za sentigredi haichukui mvuke zaidi ya gramu 17 hivi. Tuseme leo hewa ina gramu 13. Kompresa huvuta mita 9 za ujazo na kuzishindilia katika nafasi ya mita 1. Mvuke ulioingia ni 13 mara 9, yaani gramu 117. Kwanza hewa hiyo huwa ya moto, kama pampu ya baiskeli ipatavyo moto mkononi, na mvuke haugeuki maji. Lakini tangi likipoa hata kurudi digrii 20, nafasi ile yaweza kuchukua gramu 17 tu. Gramu 100 zilizozidi hugeuka maji na kutuama chini.

Maji hayo yakifika kwenye rangi inayopulizwa, rangi hufanya malengelenge. Yakiingia katika vifaa vinavyoendeshwa kwa upepo, huosha mafuta na kuvitia kutu. Lakini hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Kutu hula chuma cha tangi kwa ndani, na huku nje rangi ingali inang'aa. Siku chuma kitakapokuwa chembamba mno, tangi laweza kupasuka na kuua mtu.

Kinga yake ni rahisi. Kila jioni zima mashine, punguza upepo, simama kando, kisha fungua koki polepole mpaka maji yaishe. Yakinge kwa kopo, maana yana mafuta, yasiende mtoni. Tangi lililotobolewa na kutu lisichomelewe kiraka, bali liondolewe kazini. Vali ya usalama isizibwe kamwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo ili kumlinda fundi, na wakaguzi wa OSHA hukagua vyombo vya namna hii. Fundi asiwaone kuwa adui.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tangi hauonekani. Basi tusingoje kuuona.

Maswali
1. Kwa nini maji hutoka mengi zaidi siku za ukungu kuliko siku kavu?
2. Kama hewa ingekuwa na gramu 10 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, maji yangekuwa gramu ngapi?